Spika ndogo za bei ghali: Namna ya kutambua sauti iliyo bora

ANAYEINGIA katika duka la vyombo vya muziki kwa nia ya kununua spika ndogo za hadhi ya juu hukabiliwa na fumbo. Mbele yake hupangwa jozi kadhaa za masanduku ambayo mtu anaweza kuyabeba kwapani. Jozi moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na nyingine isiyoizidi kwa ukubwa ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Zote zinang'ara, zote zimesifiwa na muuzaji, na zote hupendeza zinaposikilizwa kwa dakika tano za kwanza. Iwapo mnunuzi atachagua vibaya, kasoro hiyo ataisikia nyumbani kwake kila jioni kwa miaka mingi.

Spika za aina hii hujulikana kama spika za rafu kwa kuwa zinaweza kutoshea kwenye rafu ya vitabu. Aghalabu kila sanduku huwa na vipaza viwili. Kile kikubwa, ambacho mafundi hukiita wufa, hutoa sauti nzito na zile za kati. Kile kidogo, yaani twita, hutoa sauti nyembamba. Ndani ya sanduku kuna sakiti inayougawa umeme wa muziki na kukipelekea kila kipaza sehemu inayokifaa.

Wengi huamini kwamba ubora wa sauti ni suala la ladha tu, na kwamba ladha haijadiliwi. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonyesha kinyume. Ubora huo unaweza kupimwa, na watu wanaposikiliza bila kuona wanachokisikiliza, huafikiana kuliko inavyodhaniwa.

Funzo kutoka kwa magari ya BBC

Mfano mwafaka wa jinsi spika ndogo inavyoweza kutathminiwa ni ile ijulikanayo kama LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Chimbuko lake halikuwa biashara. Idara ya utafiti ya shirika hilo ilikuwa ikiunda mifano midogo ya studio, kila kipimo kikiwa sehemu moja kwa nane ya kipimo halisi, ili kubashiri jinsi sauti ingevuma katika studio kamili kabla ya kuijenga. Kazi hiyo ilihitaji spika ndogo mno iliyo safi. Baadaye ilibainika kwamba spika ya namna hiyo ingefaa pia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hamkuwa na nafasi ya spika kubwa na vipokea sauti vya masikioni havikuridhisha mafundi waliotakiwa kutoa uamuzi kuhusu ubora wa matangazo.

Muundo wa kwanza uliitwa LS3/5. Kipaza kikubwa kilichotumiwa kilipobadilika kiwandani, wahandisi walilazimika kuusanifu upya, na hivyo LS3/5A ikapatikana. Ripoti yake ya kiufundi, iliyoandikwa na H. D. Harwood, M. E. Whatton na R. W. Mills, ilitolewa Oktoba 1976.

Sanduku la spika hiyo lilikuwa na kimo cha sentimita 30 hivi na nafasi ya ndani ya lita 5 pekee. Lilijengwa kwa mbao za plaiwudi ya mti wa bechi zenye unene wa milimita 12, na kuta zake zikabandikwa vitu vizito vya kuzima mtetemo. Msemo wa wahenga kwamba debe tupu haliachi kuvuma unaeleza vyema hatari iliyokuwa ikiepukwa: kuta za sanduku zikitetemeka, huongeza sauti ambayo mwimbaji hakuitoa. Twita yake, iliyokuwa na utando wa milimita 19, ilizungushiwa kitambaa kinene cha sufi ili sauti isigonge kingo za sanduku na kumrudia msikilizaji ikiwa imechelewa. Isitoshe, sakiti yake iliruhusu nguvu ya kila twita kurekebishwa mojamoja kiwandani ili ilingane na wufa iliyo chini yake.

Vipaza vyote viwili vilitoka katika kampuni ya KEF, iliyoanzishwa mwaka wa 1961 na Raymond Cooke, ambaye aliwahi kuwa mhandisi wa BBC. Makampuni kadhaa, yakiwemo Rogers, Spendor na Harbeth, yalipewa leseni ya kuitengeneza spika hiyo kwa ajili ya soko. Harbeth yenyewe ilianzishwa na Harwood mwaka wa 1977. Hadi leo spika za muundo huo zingali zinatengenezwa na kuuzwa kwa bei ya juu, ilhali asili yake ni chombo cha kazi cha fundi wa redio.

Sauti ya binadamu ndiyo mizani

Swali kuu ni jinsi wahandisi hao walivyojua kwamba wamefaulu. Walitumia mitambo ya kupimia, lakini hawakuridhika na mitambo pekee. BBC ilikuwa na fursa ambayo mnunuzi wa kawaida hana: studio ilikuwa mlango wa pili. Mhandisi aliweza kumsikiliza mtu akizungumza studioni, kisha akaingia katika chumba cha mitambo na kumsikiliza mtu yuyo huyo kupitia spika. Tofauti yoyote ilikuwa dosari ya chombo.

Sauti ya mazungumzo ilipewa uzito mkubwa kwa sababu hakuna sauti ambayo sikio la binadamu linaifahamu kuliko hiyo. Watu wachache wanajua hasa jinsi fidla fulani inavyolia, lakini kila mtu hutambua sauti ya jamaa yake kwa neno moja tu gizani. Sauti ya msingi ya mwanamume anapozungumza huwa kati ya mitetemo 85 na 180 kwa sekunde, kipimo kinachoitwa hezi, na ya mwanamke huwa kati ya hezi 165 na 255. Lakini konsonanti kama vile "s" na "sh" hufikia maelfu ya hezi. Kwa hivyo mtu mmoja anayesoma habari huwa anazijaribu wufa, twita na sakiti inayoziunganisha kwa pamoja.

Dalili za kasoro si ngumu kuzitambua. Msomaji wa habari akisikika kana kwamba anazungumza ndani ya pipa, sanduku linavuma. Akisikika kama aliyebanwa pua, sauti za kati zimekuzwa mahali fulani. Kila "s" ikifyonza kama nyoka, twita ina makali yasiyo yake. Na kifua cha mwanamume kikionekana kuwa kikubwa kuliko mwili wake, sauti nzito imetiwa chumvi.

Mipaka ya sanduku dogo

Hakuna ufundi unaoweza kuishinda kanuni ya maumbile. Ili kipaza kitoe sauti ya nguvu ileile kwa nusu ya masafa, yaani kishuke kutoka hezi 80 hadi hezi 40, koni yake hulazimika kusogea mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ndogo hufika mwisho wa mwendo wake upesi. Ndiyo maana LS3/5A hushuka hadi karibu hezi 70 tu, ilhali uzi mzito wa gitaa la besi hulia hezi 41 na kibonye cha mwisho cha piano hulia hezi 27.5.

Pamoja na hayo, msikilizaji huweza kuufuata mstari wa besi hata kwenye spika ndogo. Hii ni kwa sababu kila noti huandamana na sauti nyingine za juu yake zilizo mara mbili, mara tatu na mara nne ya masafa yake. Ubongo ukizisikia hizo, huijaza ile ya msingi iliyokosekana. Anayeijua "sauti ya nne" katika kwaya ataitambua noti, ingawa hatahisi uzito wake kifuani.

Baadhi ya watengenezaji hutoboa tundu la hewa ili sanduku lishuke chini zaidi. Mbinu hiyo husaidia, lakini chini ya masafa ya tundu lenyewe sauti hudidimia kwa kasi kuliko katika sanduku lililozibwa. Wengine hukuza kidogo masafa yaliyo juu ya hezi 100 ili spika ionekane kuwa na besi nyingi. Hata LS3/5A ina mwinuko wa aina hiyo. Ukiwa wa kiasi, mwinuko huo huleta joto la sauti. Ukizidi, kila wimbo hulia kama ngoma moja.

Mpaka wa pili ni nguvu. LS3/5A hutoa desibeli 82.5 tu kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Kila ongezeko la desibeli 3 huhitaji nguvu za umeme maradufu. Kwa hivyo spika inayotoa desibeli 88.5 itafikia kiwango kilekile kwa robo ya nguvu hizo. Mwenye amplifaya ndogo, au anayekusudia kuburudisha wageni katika ukumbi, hana budi kuitazama takwimu hii kabla ya kutazama bei.

Macho huyahadaa masikio

Mtafiti Floyd Toole alianza kuwafanyia wasikilizaji majaribio katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, jijini Ottawa, katika miaka ya 1960. Alizificha spika nyuma ya pazia lisilozuia sauti, akasawazisha kiwango cha sauti zake, kisha akawataka wasikilizaji wazipe alama. Matokeo aliyoyachapisha katikati ya miaka ya 1980 yaliwashangaza wengi: wasikilizaji wenye masikio mazima waliafikiana kwa kiwango kikubwa, na spika walizozipendelea ndizo zilizokuwa na vipimo vilivyonyooka na laini maabarani.

Toole alipohamia kampuni ya Harman mwaka wa 1991, aliendelea na kazi hiyo pamoja na Sean Olive. Katika jaribio walilolichapisha mwaka wa 1994, watu 40, wote wafanyakazi wa kampuni hiyo, walisikiliza spika za aina nne. Mara ya kwanza hawakuziona. Mara ya pili waliziona. Walipoziona, spika kubwa za bei ghali zilipanda alama, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka. Sauti haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile ambacho macho yaliyaambia masikio.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi ya mbao, uzito wa sanduku, jina la mtengenezaji na tarakimu zilizo kwenye kibandiko cha bei ni mambo yanayoingia kichwani kabla ya noti ya kwanza kulia. Jambo la kutia moyo ni kwamba utaalamu si sharti. Utafiti wa Olive wa mwaka wa 2003, uliowahusisha wasikilizaji zaidi ya 250, ulibaini kwamba waliofunzwa kusikiliza na wasiofunzwa hupendelea spika zilezile. Waliofunzwa huzitofautisha kwa uthabiti zaidi tu.

Vipimo vinavyosema kweli

Takwimu moja kwenye karatasi ya matangazo, mathalani "hezi 50 hadi hezi 20,000", haimwambii mnunuzi mengi. Lazima ielezwe sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi kati ya masafa hayo. Spika inayoyumba kwa desibeli 3 juu au chini si sawa na inayoyumba kwa 10, ingawa zote zinaweza kuandikiwa takwimu ileile.

Vilevile, sauti haiendi mbele tu. Huelekea pembeni, juu na nyuma, ikagonga kuta na kumfikia msikilizaji. Kwa sababu hiyo, kiwango cha upimaji kiitwacho CTA-2034, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013, hutaka spika izungushwe nyuzi 10 baada ya nyuzi 10, kwa ulalo na kwa wima, hadi vipatikane vipimo 70. Spika bora huonyesha mstari ulionyooka kwa mbele, na sauti ya pembeni inayopungua polepole bila mashimo wala vilima. Pale ambapo sauti ya mbele na ya pembeni zinatofautiana ghafla, aghalabu ni kwenye mpaka wa wufa na twita, msikilizaji ataona kwamba sauti inabadilika kila anaposogea kitini.

Mwaka wa 2004, Olive aliunganisha vipimo vya spika 70 na alama za wasikilizaji waliozuiwa kuona. Aligundua kwamba vipimo hivyo vinaweza kubashiri chaguo la watu kwa usahihi mkubwa, na kwamba takribani asilimia 30 ya uamuzi wao ilitegemea sauti nzito. Hilo ni onyo kwa mpenda spika ndogo. Spika mbili zisipolinganishwa kwa uangalifu, ile yenye besi nyingi itashinda hata kama sauti zake za kati ni chafu.

Chumba ni nusu ya spika

Licha ya jina lake, spika ya rafu mara nyingi huharibikiwa inapowekwa kwenye rafu. Ukuta ulio karibu hurudisha sauti nzito na huweza kuiongeza kwa hadi desibeli 6, na kona huongeza zaidi. Baadhi ya spika husanifiwa kwa kuzingatia ukuta, lakini nyingi hulia vyema zikiwa juu ya vigoda imara, mbali kidogo na ukuta, huku twita zikilingana na kimo cha masikio ya aliyeketi. Spika mbili na msikilizaji wanafaa kuunda pembetatu yenye pande sawa.

Nyumba nyingi za humu nchini zina sakafu ya saruji au vigae, kuta za mawe na madirisha mapana. Katika chumba kama hicho, sauti nyembamba hurukaruka na kufanya hata spika nzuri ionekane kali. Zulia, mapazia mazito na kabati la vitabu huweza kuleta nafuu ambayo haingepatikana kwa kubadilisha spika. Ni heri kushughulikia chumba kwanza, kisha ndipo fedha zitolewe.

Hatua za kufuata dukani

Mnunuzi hana maabara wala pazia la Ottawa, lakini anaweza kuukaribia uadilifu wa majaribio hayo kwa kufuata hatua chache.

Kwanza, asawazishe viwango vya sauti. Spika inayolia juu kwa desibeli moja tu huonekana kuwa safi zaidi wala si kubwa zaidi, na sikio halitambui hila hiyo. Programu za simu za kupima sauti si kamilifu, lakini hutosha kwa kulinganisha spika mbili mahali pamoja.

Pili, asikilize spika moja badala ya jozi. Majaribio ya Toole yalionyesha kwamba kasoro husikika waziwazi zaidi spika ikiwa peke yake, kwa kuwa zikiwa mbili upana wa sauti huzificha.

Tatu, spika zinazolinganishwa ziwekwe mahali pamoja kwa zamu. Iliyo konani na iliyo katikati ya chumba haziwezi kuhukumiwa kwa haki.

Nne, aanze na sauti ya mtu anayezungumza, kisha aende kwenye muziki anaoufahamu vyema. Katika majaribio ya Harman, wimbo Fast Car wa Tracy Chapman, uliotolewa mwaka wa 1988, ulikuwa miongoni mwa zilizofichua kasoro kwa urahisi zaidi, kwa kuwa una sauti ya mwimbaji, gitaa, ngoma na besi katika mpangilio ulio wazi. Mpenzi wa benga anaweza kusikiliza iwapo magitaa mawili yanayopokezana kwa kasi yanabaki mawili, na iwapo besi inayoyasukuma ina noti au ni mvumo tu. Mpenzi wa taarabu anaweza kusikiliza iwapo nyuzi za kanuni, fidla na udi zinatengana huku mwimbaji akibaki mbele yake.

Tano, amwombe mwenzake abadilishe spika bila kumweleza ipi inalia, naye afumbe macho na kuandika maoni yake kabla ya kuambiwa. Iwapo chaguo lake litabadilika kila mara, tofauti iliyopo haistahili kulipiwa.

Mwisho, asiharakishe. Spika inayotia chumvi husisimua kwa nyimbo mbili na kuchosha kwa saa moja. Ile aminifu huweza kuonekana ya kawaida mwanzoni, kwa kuwa haijiongezei lolote. Ni vyema kuomba nafasi ya kuijaribu nyumbani, hasa kwa bidhaa inayogharimu mshahara wa miezi kadhaa.

Fedha nyingi huweza kununua sanduku lililotulia, vipaza vinavyolingana kwa karibu na sakiti iliyosanifiwa kwa makini. Huweza pia kununua mbao za fahari na jina kubwa tu. Njia ya kuyatenganisha mambo hayo mawili ni ileile waliyoitumia mafundi wa magari ya matangazo: kusikiliza sauti ya mtu unayemfahamu, kisha kujiuliza iwapo ni yeye.